Nyundo ya Mbusa

Baba yangu Mbusa alikuwa mvunja mawe
huko Majengo, ambako moto wa mlima ulilala njiani
ukaamka ukiwa mtaji.
Aliwavunjia Wakatoliki ukuta wa parokia,
Wasabato msingi,
Wapentekoste ngazi ya vidato kumi na viwili
(vinane hawajalipa hadi leo),
na nabii wa kile kibanda cha mabati,
mwenye waumini tisa na kikohozi,
alimvunjia bure.
Chukudu ilikuwa moja.
Mawe yalikuwa ya mlima mmoja, yenye matundu yaleyale,
kama mkate uliosahauliwa motoni.
Hakuna jiwe lililouliza linapelekwa kwa nani.

"Na wewe, Mbusa, unasali wapi?"
"Popote mvua inaponikuta. Wote nimewajengea."
Wakacheka.
Kisha wakamwandika, kila kanisa katika daftari lake.

Alikufa Alhamisi.
Soki alikuja na rozari iliyopungua shanga moja,
hiyo iliyopotea anaisali kwa kidole.
Kavira hali kambare, na Jumamosi hawashi jiko.
Mumbere amebatizwa mara tatu;
mara ya tatu alirudi na jina
ambalo mama hajaweza kulitamka.
Mimi nilikuwa mdogo. Nilitumwa sukari.

Padri akasema: huyu hakufunga ndoa altareni.
Pasta akasema: maji yake yalikuwa machache.
Ijumaa jioni mzee wa Wasabato akatazama jua,
akasema: kesho haiwezekani.
Nabii hakusema neno, alikohoa.

Sote tumefundishwa kwamba sisi ni mwili mmoja.
Mwili mmoja tuliokuwa nao
ulikuwa kwenye droo ya saba, dola kumi kwa siku,
na karani wa chumba cha maiti, mtu mpole sana,
hakuuliza dhehebu.
Alituandikia risiti.

Jumatatu pesa zikaisha. Tukaenda.

Makaburi ya Makao: jina zuri
kwa mahali ambapo mtu atakaa sana.
Wachimbaji walifika kina cha goti, chuma kikalia.
Mwamba. Wakaomba nyongeza.
Hatukuwa nayo, na upepo wa mlimani
ulikuwa unapekua kurasa za vitabu vinne vya sala
bila kuchagua.

Ndipo mama, aliyekaa siku nne bila kuuliza kitu,
akafungua kitenge, akatoa nyundo.
Hakumpa mtu.
Aliiweka chini, katikati ya viatu vyao.

Padri akakunja kanzu kiunoni.
Mzee wa Wasabato akashikilia mtalimbo, pasta akagonga,
akakosea, akapiga kidole cha mzee,
na neno lililomtoka mzee
halimo katika kitabu cha nyimbo cha kanisa lolote.
Mumbere akacheka. Kavira akacheka.
Kaburini, Bwana, tulicheka.
Vumbi jeusi likawapaka wote
hata sikujua tena kola ya nani ilikuwa nyeupe.
Hakuna aliyehubiri.
Pumzi haikutosha.

Nisidanganye.
Jumapili iliyofuata spika zilirudi kutukanana juu ya mapaa yetu,
na Soki na Kavira hawakula chungu kimoja
hadi Pasaka, na hiyo Pasaka yenyewe walibishania tarehe.
Lakini nyundo ninayo mimi.
Mpini wake una weusi ambao sijui kuutenganisha.
Nimejaribu kuusoma kwenye mwanga wa mlango:
huyu padri, huyu pasta,
huyu nabii aliyegonga mara mbili akachoka.
Ni jasho. Lilikauka pamoja.

Enyi mnaojenga, njooni mchukue mawe.
Nawauzia kwa bei ya baba.
Sharti ni moja: kila mtu abebe la mwenzake
mpaka kwenye kona, pale njia zinapoachana.
Kutoka pale,
tutaona.