Unga Mweusi

Kinu cha umeme cha Katungu, pale Ndosho,
kinasimama kila ifikapo saa nne, muhogo ukiwa bado vipande.
Ukikipiga teke, kinaamka.
Ukimwita fundi, kinasaga kama hakijawahi kuugua,
na fundi anadai nauli yake ya pikipiki.

Wamebadilisha mota mara mbili.
Wamelaumu kampuni ya umeme, wamelaumu jirani.
Juzi shemeji yake akaleta mtu wa maombi
aliyemwaga maji juu ya swichi, Mungu amsamehe.

Mimi nimeleta bisibisi, tochi na subira.
Nimekaa juu ya gunia tangu asubuhi, kope nyeupe,
nasikiliza.
Mashine inatetemeka. Chini yake jiwe la volkano
nalo linatetemeka kivyake, desturi ya mji huu.

Wahenga walituambia habari za vikombe:
vikikaa pamoja havina budi kugongana.
Hawakutuambia habari za vyuma viwili visivyogongana kamwe,
vilivyokazwa, vilivyoshikana vizuri,
vinavyosogea tu, huku na huku,
mwendo ambao kwake unywele ni barabara kuu.

Mchana kutwa. Miaka minne.
Kila msuguo unakwangua ngozi ya bati,
hewa inaila ile chembe kabla haijatua,
na kinachobaki hakipitishi kitu.
Njia inazidi kuwa nyembamba,
umeme unajibana, unapata joto, unakosa adabu,
unapita, unakatika, unapita

Saa nne na dakika kumi. Kimya.
Wanawake kwenye foleni wanaguna.
"Msikiguse! Katungu, mguu wako!"

Nazima swichi kuu, nafungua kisanduku,
nachomoa kiungo cha tatu.
Pale shaba inapokutana na bati
pana vumbi la kujaza kucha ya mtoto mchanga.
Jeusi. Laini kuliko unga wowote aliowahi kuuza.

"Hiki ndicho kinu chako kingine," namwambia.
"Kimesaga siku zote ulizosaga."
Analipaka kidoleni, analinusa,
anauliza ni kilo ngapi.

Foleni inacheka. Nasafisha, napaka mafuta,
naweka kiungo kipya chenye springi ngumu zaidi
na kipande cha tairi chini ya kisanduku.

Hakitadumu milele; namwambia hilo pia.
Miguuni mwetu ardhi inajikuna kidogo,
glasi ya chai dirishani inalia tiii,
na hakuna anayegeuka.