Bildi

Kaka yangu Azariah aliingia manowarini
akiwa na miaka kumi na minne na jino bovu.
Wakampa kamba, na mwisho wa kamba, bildi
iliyopakwa shahamu ilambe kilicho chini.
"Pima," wakasema. Akapima.

Miaka ishirini na mitatu akabaki luteni,
maana wazee waliomtangulia hawakutaka kufa.
Wengine walirudi na vitara vya dhahabu;
yeye alirudi na matope ya Carolina kwenye kucha
na daftari:
pima saba, mchanga mweusi;
pima nne, vipande vya kome.

Huko, kwenye mlango wa mto,
mjane Dorcas Pettigrew alimpikia kaa,
akamkaushia soksi jikoni.
Hilo halimo daftarini.

Vita vilipokuja, ramani yake ndiyo iliyoipitisha mizinga.
Waliingia usiku, mwamba hata mmoja haukuwagusa.
Alisimama sitahani akihesabu madirisha yenye taa
hadi moja likakosekana.

Kwa usiku ule wakampandisha cheo.

Sasa tuko Kittery, theluji imefika kizingitini.
Maji usiyoyafika hujui wingi wake, ndivyo wasemavyo.
Yeye aliyafika. Aliyaandika, hatua kwa hatua,
kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Jana nimemkuta kisimani bila kofia,
ameteremsha kijiko changu kwa uzi wa kushonea.
"Ngapi?" nikamuuliza.
Hakugeuka.
"Uzi umeisha, Keturah. Maji bado."