Konde, Kondele

Kitabu nilikinunua nyuma ya soko la Jubilee,
shilingi themanini, jalada limeguguniwa na panya:
Kiingereza upande huu, Kihispania upande ule,
Kiswahili hakimo.
Kwa hiyo kila neno la Nerea, muuza matumbo,
sharti lishuke kwanza kwa Waingereza,
lipekuliwe mifuko, libadilishe gari,
ndipo liende Valensia
kwa mjukuu wake, Nerea pia,
miaka saba, mzaliwa wa huko,
ambaye kesho asubuhi anatolewa mafindofindo.
(Jina lao tu ndilo hupita forodhani
bila kufunguliwa.)

"Mwambie apige moyo konde."

Nikabaki na simu mkononi.
Hilo ukilipeleka neno kwa neno
hospitali itaita polisi.

Nikapekua. Waingereza, nikamwambia,
ushujaa huwa wanaunyonyoa.
"Kama kuku?"
Kama kuku.
"Kwa maji ya moto?"
Kitabu hakisemi.

Ng'ambo ya ukurasa, wino umekwajuka,
nikasoma kidole kikiwa chini ya mstari:
hacer de tripas corazón.
Kufinyanga moyo kwa matumbo.

Nerea akaweka kisu.
Akalitazama beseni lake,
lile tumbo la manyoya kama taulo,
lile lenye kurasa nyingi kushinda kitabu changu,
maji ya tatu na bado hayajatakata.
"Hao," akasema, "wameosha matumbo hao.
Wanajua yanavyonuka kabla ya kuwa chakula.
Mpe hilo."

Nikampa.
Kimya, halafu kicheko
kwenye spika iliyotoboka,
halafu sauti ndogo: te echo de menos, abuela.
"Anasemaje?"
Sasa hapo.
Ukilivua nguo ni kutupa, na ni upungufu,
na nani amtupie mama huyu upungufu mwingine?
Nikasema: amekukumbuka.
Nikajua nimepunja mizani.
Kukumbuka hata deni hukumbukwa,
hata ufunguo uliosahau mlangoni.

Akafuta mikono kwenye leso, taratibu,
kila kidole peke yake.
"Mwambie pole."

Pole.
Nikaenda kwa Waingereza, wakanipa neno la kuomba radhi.
Nikavuka, nikapewa msamaha, nikapewa majuto.
"Kwani nimemkosea nini?"
Hujamkosea.
"Basi pole. Pole tu. Ile ya mtu amejikwaa
na wewe hukuweka jiwe."

Herufi kwa herufi nikitafuta
bando likakata.

Alinilipa sahani, na pilipili juu.
Nikala nimesimama, kitabu kwapani.
Mtoto alipona, nasikia, akala aiskrimu siku tatu.
Mimi lile neno sijalifikisha.
Kila nipitapo kibandani Nerea haniulizi,
ananikatia kipande kikubwa tu,
nami natafuna nikitafuta.