Hesabu za Ukutani

Babu Belarmino hakujua kuandika barua.
Alijua majina na tarakimu, basi,
na penseli ya seremala haikumtoka nyuma ya sikio
hata kanisani.

Saa tisa usiku, ukungu wa Tulare mzito
hata taa ya trekta haipenyi,
yeye yumo zizini, paji kwenye ubavu wa ng'ombe,
akiwaita kwa majina ya shangazi zake wa kisiwani Pico:
Tomázia, sogea. Umbelina, tulia, mama.
Ng'ombe wa watu, miaka kumi na minne.
Kisha saba wake.
Kisha mia mbili.

Tulimwogopa. Kipande cha mkate kikidondoka
alikiokota, akakibusu, akakila,
akatutazama mmoja mmoja.

Mwaka wa deni la benki, malori yalipowabeba,
hakutoka kuwaaga.
Kesho yake, saa tisa, tukamsikia akivaa mabuti.

Baada ya mazishi tulibomoa zizi,
na nyuma ya magunia ukutani tukakuta penseli yake:
Amâncio, dola mia na themanini, jina limekatwa kwa mstari.
Gualter, limekatwa.
Deolinda na watoto, limekatwa mara mbili,
karibu ubao utoboke.

Chini kabisa: Mama.
Nauli imejumlishwa, ikajumlishwa tena,
kila mwaka na bei yake.
Tiketi haikukatwa, wala jina.

Baba hakusema neno. Alichukua msumeno,
akaukata ubao ule,
akauweka kiti cha mbele cha gari,
akaufunga mkanda.