Soli Nyembamba

Fundi Mnali wa Kitangari, nyuma ya mzani wa korosho,
aliikunja ndara mbele yangu kama chapati,
akanipa: shika.
Kiganja changu kikakisikia kidole chake upande wa pili.

Ndivyo nilivyotaka. Nilimwambia tangu Jumanne:
usiniwekee kisigino, usinibane mbele.
Vidole vyangu vimekaa viatu vya ualimu miaka ishirini,
vimelaliana kama dagaa kwenye fungu.
Viache vitawanyike.

Akacheka. "Mwalimu, unalipa elfu kumi na nane
ili ujione hujavaa?"

Ndiyo, na si jozi moja.
Ya masika nikatie tairi la baiskeli, ulichore meno,
maana udongo mwekundu wa huku ukinyeshewa
haukupi salamu, unakupa mweleka.
Kamba ipite nyuma ya kifundo. Ndara ikibaki topeni
nitarudi nyumbani na mguu mmoja na aibu mbili.

Ya kiangazi iwe na ngozi ndani.
Saa saba mchanga wa njia ya bombani unakaanga,
na wembamba hapo una bei yake. Sitafuti ushujaa,
nitapita vivulini kama mbuzi.

Ya kushukia Mikindani, kwa wifi, kwenye majaruba ya chumvi:
ngozi hapana. Chumvi hula ngozi kuliko panya.

Ya kukimbilia?
Bado, fundi. Nilijaribu, kutoka shuleni hadi mnarani,
mashavu ya miguu yakanililia siku tatu.
Mguu uliolelewa na godoro
haujifunzi mkeka usiku mmoja.

Mama, Bi Somoe, alizipima ndara zangu kwa jicho.
"Sisi tulikwenda Newala pekupeku.
Dukani viatu vilikuwepo,
mfukoni ndiko hakukuwa na kitu.
Wewe leo unaununua upeku?"

Nikatafuta jibu. Nilifundisha Kiswahili maisha yangu yote,
sikulipata.

Oktoba ikafika, mikorosho ikaanza kudondosha.
Tukaingia shambani, mimi na soli zangu za kukunjika,
yeye na yeboyebo nene za mnadani.
Majani makavu yamefunika kila kitu.
Mara, chini ya unyayo, kitu kigumu, kimepinda kama sikio.
Nikainama: korosho. Hatua mbili, nyingine.
Mama alikwishapita hapo hapo, hakuzisikia.

Akageuka. Akaitazama miguu yangu,
akautazama mkono wangu uliojaa.
Hakusema neno.
Alivua yeboyebo, akazibana kwapani,
akaingia majanini na nyayo zake za Newala,

na mpaka adhuhuri
alikuwa amenizidi nusu ndoo.