Dakika Tano za Marehemu

Tangazo limebandikwa mlangoni pa maktaba tangu Juni,
pini moja imeng'oka, kona imejikunja kwa jua:
Alhamisi ya kwanza, kusukasuka maziwa hadi siagi;
ya pili, mhadhara wa mafuriko, leteni picha zenu;
ya tatu, makaburini, marehemu watasema wenyewe.
Bure. Vaeni viatu vya kufunga. Mvua ikinyesha, ukumbi wa kanisa.

Mwenyekiti wa chama cha historia ni Bi Odile Thibeault.
Mwenye viti ni mimi.
Ishirini na vinne, vya kukunja, vya bati;
kimoja kina meno, nakijua, na bado huniuma.

Basi Alhamisi ya tatu nikavipandisha kilimani
katika gari la Russ Pomerleau, fundi bomba,
katikati ya mipira na harufu ya gundi,
na Russ mwenyewe tayari ni mwenye kiwanda:
koti zito la sufu mwezi wa Julai, ndevu za pamba,
jasho likimvuja kama bomba alilosahau kulikaza.

Utaratibu: kila marehemu dakika tano, kisha kengele.
Kengele nilipewa mimi, mshika kengele akiwa na jongo.

Daktari akasema yake, akaondoka.
Mjane wa mchungaji akasahau mstari, akacheka, tukacheka.
Mwenye kiwanda akaanza na babu yake,
akaja kwenye bwawa, kwenye magurudumu, matofali laki tatu.
Nikapiga kengele. Akainua mkono kama anayefukuza nzi,
akaendelea hadi dakika ya kumi na moja.
Aliyezoea kusikilizwa, hata kaburi halimzibi mdomo.

Kisha Kaylin Dubay, wa miaka kumi na mitatu,
aproni ya bibi yake imemzunguka kiuno mara mbili,
akasimama mahali pasipo jiwe, kwenye majani,
kigingi kimoja tu, tulichokichomeka sisi.

Akasema:
Naitwa Alphonsine Cyr. Nina miaka kumi na mitatu.
Chumba cha kusokota. Senti arobaini na mbili kwa siku.
Hakurudi.

Basi. Ndiyo yote yaliyomo daftarini,
na neno la mwisho ni la wino mwingine.
Majira ya baridi Bi Odile alijaribu kumwongezea:
utepe wa buluu, mama mwenye kuimba, ndoto ya bahari;
akafuta, akaandika, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka.
Tusimvike tulichoshona sisi, alisema.
Nguo ya kuazima haisitiri.

Kwa hiyo msichana akasimama.
Mbu wakaja, kama ilivyo haki yao.
Mtoto mmoja akauliza, "Amesahau?"
Nyanya yake akamshika bega, hakujibu.
Kule chini mto ulipita kando ya kiwanda,
ambacho sasa ni nyumba za kupanga zenye madirisha marefu,
na mtu fulani rosheni alikuwa akichoma nyama.
Moshi wake ulitufikia.

Dakika ya tano ikafika. Nikautazama mkono wangu
na kengele ndani yake, ulimi wake nimeubana kwa kidole.
Bi Odile akanitazama.
Ya sita. Ya saba. Mtu akakohoa. Kiti chenye meno kikalalama.
Ya tisa, Russ akavua ndevu.
Nilimpa zote kumi na moja.

Baadaye, katika chupa ya michango: dola thelathini na nne na kifungo.
Kaylin akanywa vikombe viwili vya maji bila kupumua,
akajikuna miguu, akauliza kama alikosea.
Nikasema hapana. Nilikuwa nakunja viti.
"Mwakani mtafute mwingine," akasema,
akifungua aproni, fundo la kwanza, la pili.
"Mimi nitakuwa na kumi na nne."