Ukope

Mzee Gidudu amesimama kwenye kaunta, kofia mkononi.
Anataka picha ya mwanawe, kubwa, yenye fremu ya mvule,
iwe shahidi ukutani: shemeji zake wanasema
kijana alipepesa kisu kilipopita.

Simu yangu inasema hakupepesa.
Macho wazi, unga wa ulezi usoni kama chokaa mbichi,
na nyuma yake Wanale, kila ufa wa jiwe unahesabika.
Hapo ndipo ninapokwama.
Saa nane ile, Mbale nzima ikiungua,
mimi mwenyewe sikuuona mlima.

Nina mikebe minne ya biskuti juu ya rafu.
Nilimwekea Woniala, anayejifunza kazi kwangu,
kila ujanja wa picha za hesabu auandike kwenye kijikaratasi
na kijikaratasi akitie mkebe wake.
Usiulize kinafanya nini, namwambia.
Uliza hesabu imeingilia wapi.
Kwenye taa, fleshi ikiwaka na kuzima kwa mpango: NURU.
Kwenye lenzi iliyopindwa makusudi,
ukungu wake uje ufumbuliwe baadaye: KIOO.
Kwenye kihisi kipokeacho mwanga kwa zamu: JICHO.
Na yote yapikwayo picha ikishanaswa,
kuunga, kuchuja, kulainisha, kufuta chunusi za bibi harusi,
JIKO.
Mkebe wa JIKO haufungiki tena.

Maana simu haikupiga picha moja. Ilipiga tisa
katika muda wa kumeza mate,
ikazilaza kama majani ya mgomba juu ya sufuria ya matoke,
ikauchota mlima kwenye ile yenye kiza,
shavu kwenye ile yenye mwanga,
na macho
ikayachukua pale yalipokuwa wazi.
Haikuniuliza.

Usiku, mlango nimeukomea, umeme unasuasua,
nikazifungua zote tisa.
Ya nne, ukope umeshuka.
Si nusu. Umeshuka wote, taratibu,
kama pazia la chumba chenye mgonjwa.
Kisu kiko wapi katika ya nne?
Nje ya fremu.

Jumapili akaja kijana mwenyewe, Mutenyo,
shuka kiunoni, miguu ameitanua, hatua fupi fupi.
Nikamwonyesha. Baba yake sikuwa nimemwonyesha.
Akaishika simu mpaka kioo kikazima,
nikakiwasha, akaendelea kutazama.
"Filimbi ilikuwa imeshalia," akasema.
"Mama alikuwa ndani ya nyumba. Nilisikia kigelegele,
nikafumba nijue kama ni chake."

Huenda.
Picha tisa hazina pumzi ya kutosha kumkanusha,
wala kumtetea.

Mzee Gidudu amechukua yake, ya macho wazi, amelipa bila kupunguziwa.
Nyuma, kwa penseli, niliandika: imeungwa kutoka tisa.
Hakuigeuza.

Ya nne nimeichapa ndogo, kipimo cha pasipoti.
Woniala ameishika pembeni kwa kucha,
anatazama rafu, ananitazama mimi.
"Hii JIKO?"
Hii haikupikwa, Woniala. Hii ndiyo iliyotupwa.
Lete mkebe mwingine.

Ameuleta. Bado una makombo ndani.